Daftari Linalopunguza Kodi



Ndugu zangu, wengi wetu hapa chuoni tunauza kitu: hijabu, kanzu, tende za Ramadhani, chapati hosteli. Wengine watafungua duka wakimaliza masomo. Likija suala la kodi, ushauri unaosikika ni mmoja: "Ficha mauzo." Huo ni uongo, na uongo huondoa baraka katika biashara. Hata hivyo, hakuna anayekulazimisha kulipa zaidi ya unachodaiwa. Sheria ya Uganda yenyewe humpunguzia kodi mwenye kuandika.

1. Mwenye daftari na asiye nalo

Mfanyabiashara mdogo, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 150 kwa mwaka, hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo, si faida. Mauzo yasiyozidi milioni 10 hayatozwi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mwenye mauzo kati ya milioni 10 na 30 asiye na kumbukumbu hulipa 80,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 0.4% ya kile kinachozidi milioni 10.

Tuchukue dada wawili wanaouza hijabu, kila mmoja ameuza milioni 15. Asiyeandika atalipa 80,000. Aliyeandika atalipa 0.4% ya milioni 5, yaani 20,000. Hakuna aliyeficha kitu. Tofauti ni daftari tu.

Mauzo yakifika milioni 35, asiye na kumbukumbu hulipa 200,000. Mwenye nazo hulipa 80,000 na 0.5% ya milioni 5 iliyozidi 30, jumla 105,000.

Angalizo: utaratibu huu hauwahusu wenye kazi za taaluma kama udaktari, sheria, uhasibu na uhandisi.

2. Usitupe cheti cha kodi ya zuio

Ukiuzia kampuni au ofisi iliyoteuliwa kukata kodi ya zuio, na malipo yakazidi 1,000,000, hukatwa 6%. Kwenye malipo ya 2,000,000, hizo ni 120,000. Ni kodi uliyokwisha kulipa. Dai cheti, kisha uipunguze katika hesabu zako za mwaka. Asiyedai cheti huishia kulipa mara mbili.

3. Andika nini?

Kila siku: tarehe, ulichouza, kiasi, na aliyekopa. Hifadhi risiti za manunuzi kwa miaka 5. Tenga fedha za biashara na za matumizi yako. Mwaka wa kodi huanza Julai na kuisha Juni. Peleka ritani URA kabla ya Desemba 31 kumalizika.

4. Daftari hilohilo na Zaka

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Kuandika si jambo geni kwetu. Na kodi si Zaka: kulipa moja hakukuondolei nyingine. Mali ya biashara ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa 2.5%. Bila daftari utajuaje bidhaa, fedha na madeni unayodai?

Zoezi: Biashara imeuza milioni 20 kwa mwaka. Italipa kiasi gani ikiwa na kumbukumbu, na kiasi gani bila kumbukumbu? (Jibu: 40,000 na 80,000.)

Nunua daftari leo, uanze na mauzo ya leo.

Wabillahi tawfiq.