SOMO LETU: Nani alitoboa mwavuli wa ozoni?

Katika vikundi vya mazingira kuna swali linalorudi kila mara: ati lile tundu la ozoni ndilo linaloleta joto na ukame? Hapana, si hilo. Hayo ni mambo mawili, ingawa ni jamaa. Tutaelewa vizuri tukifuata kazi ya mama mmoja aliyeyachunguza yote mawili, Susan Solomon wa Marekani.

Kwanza tukumbushane. Ozoni ni gesi iliyo juu sana, nyingi yake ikiwa kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini. Kazi yake ni kama mwavuli: inazuia ile miale mikali ya jua inayoleta saratani ya ngozi na kuharibu macho. Mwaka wa 1974 wanakemia wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionya kwamba gesi za friji na za makopo ya kupulizia hupanda polepole hadi huko juu, zikavunjwa na jua, na klorini inayotoka humo inakula ozoni. Watengenezaji walibisha sana. Halafu mwaka wa 1985 Waingereza waliokuwa wakipima hewa ya Antaktika, kule Ncha ya Kusini, wakatangaza kwamba ozoni ya huko inapungua vibaya kila mwezi wa Oktoba.

Sasa hapo pana fumbo. Antaktika hakuna viwanda, na friji ya nini mahali pa barafu tupu? Kwa nini basi mwavuli utoboke pale, usitoboke juu ya Ulaya au Marekani kwenyewe?

Solomon, mzaliwa wa Chicago mwaka wa 1956, alikuwa amepata udaktari wa kemia mwaka wa 1981 na kuajiriwa na idara ya serikali inayoshughulikia bahari na hewa, mjini Boulder. Kazi yake ilikuwa ya mezani, hesabu na kompyuta. Yeye na wenzake walifikiri hivi: wakati wa giza la miezi mingi, hewa ya juu ya Antaktika hupata baridi ya nyuzi 80 chini ya sufuri, na mawingu hutokea mahali ambapo kwa kawaida ni pakavu mno. Klorini nyingi huwa imefungwa ndani ya gesi nyingine, haina madhara. Lakini ikigusa chembe za mawingu hayo, inafunguliwa. Jua likirudi, inaanza kula. Na haishi! Chembe moja ya klorini huharibu maelfu ya chembe za ozoni.

Wengine walisema hapana, ni upepo tu. Wengine wakasema ni jua lenyewe. Basi Agosti 1986, akiwa na miaka 30, Solomon aliongoza wanasayansi hadi kituo cha McMurdo, Antaktika. Usiku alipanda juu ya paa kwenye baridi ile, akirekebisha vioo ili mwanga wa mwezi uingie kwenye kipimo. Mwanga ukipita hewani hubeba alama ya gesi zilizomo. Walikuta gesi moja ya klorini ikiwa mara 100 hivi kuliko ilivyotarajiwa. Fumbo likaanza kufumbuka, na vipimo vya 1987 vikathibitisha.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Septemba, mkataba wa kupunguza gesi hizo ulitiwa sahihi huko Montreal. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimo, na ofisi ya kuusimamia iko hapahapa Nairobi, Gigiri. Mwaka wa 2016 Solomon na wenzake walionyesha kwamba tundu la mwezi wa Septemba lilikuwa limepungua kwa zaidi ya kilomita mraba milioni 4 tangu 2000, yaani karibu Kenya saba. Inatarajiwa litapona kabisa karibu na 2066.

Na joto je? Hilo linatokana hasa na gesi ya kaboni, ya moshi wa mafuta, makaa ya mawe na misitu inayochomwa. Hiyo si mwavuli, ni blanketi. Mwaka wa 2009 Solomon alionyesha jambo zito: hata tukiacha kabisa kutoa kaboni, joto lililokwisha kuongezeka halitashuka sana kwa miaka 1,000. Kwa hiyo anayechimba bwawa leo akidhani ni la kuvukia ukame huu mmoja tu, afikirie upya ukubwa wake.

Ujamaa wao ni huu: gesi zile za friji zinazokula ozoni huongeza joto pia. Nyingi ya zilizokuja badala yake haziguzi ozoni, lakini ni blanketi nzito, ndiyo sababu nchi zilikubaliana Kigali mwaka wa 2016 kuzipunguza.

Ya kujadiliana kikundini: Friji ya duka la karibu ikiharibika, fundi huifanyia nini ile gesi iliyobaki ndani? Nendeni mkamwulize kabla ya mkutano ujao.