Anza na Buti: Namna Ninavyomcheza Kuhani wa Mungu wa Wasafiri

"Vua buti." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo kuhani wangu humwambia dwafu yeyote anayemkuta njiani. Haulizi jina, haulizi ukoo, haulizi mbona yuko peke yake. Anapiga goti vumbini, anaushika mguu, anatazama kisigino. Akikuta lengelenge anapitisha sindano motoni, anatoboa pembeni, anakamua maji, ngozi anaiacha palepale ilipo, kisha anafunga kitambaa safi. Hapo ndipo anapouliza: "Unaelekea wapi?"

Ilinichukua karibu mwaka mzima wa Jumamosi jioni kuyafikia maneno hayo mawili. Wenzangu wanaoanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu, kwa Kiswahili huniuliza mara kwa mara mtu afanyeje ili acheze mhusika wa dini bila kuigeuza meza kuwa mahubiri. Haya ndiyo majibu yangu.

Kwanza neno lenyewe. Nasema dwafu kwa makusudi. Mbilikimo ni jina ambalo Kiswahili kimewapa watu halisi wa misitu ya Kongo, na kibete tumelisikia mno likirushwa kama tusi. Silitaki lolote kati ya hayo mezani kwangu. Dwafu ni kiumbe wa hadithi: mfupi, mpana, mwenye ndevu, anaona gizani na anaweza kuishi miaka 350.

Mungu ninayemzungumzia anaitwa Marthammor Duin. Ni wa ulimwengu wa Forgotten Realms, uliobuniwa na Mkanada Ed Greenwood na kutolewa na kampuni ya TSR kwa ajili ya mchezo huu mwaka 1987. Greenwood alimweleza katika Dwarves Deep mwaka 1990, na Eric L. Boyd akampa nafasi kubwa zaidi katika Demihuman Deities mwaka 1998. Yumo katika jamaa ya miungu ya madwafu inayoongozwa na Moradin. Alama yake ni rungu lililosimama mbele ya buti refu. Ni Mtafuta Njia, mungu wa waongozaji, wavumbuzi na wote wanaoishi mbali na kwao.

Lakini sifa hizo hazimwelezi mpaka ujue madwafu wenyewe wamegawanyikaje. Wako Waliojificha, waliobaki chini ya milima na milango wamefunga. Na wako Waliotoka, wanaoishi barabarani na katika miji ya wanadamu. Vita vya karne nyingi vilikuwa vimewapunguza, na watoto walikuwa wachache, hadi Moradin alipowashushia Baraka ya Radi mwaka 1306 kwa kalenda ya ulimwengu ule, mapacha wakaanza kuzaliwa kwa wingi. Fikiria sasa jamii iliyozoea kuwahesabu watu wake kwa hofu namna hiyo. Kila anayebeba mzigo na kutoka langoni ni pengo. Katika Kiswahili tuna msemo, msafiri kafiri. Tunamsemea yule anayefunga virago na kuondoka hata wenyeji wakilia. Kwa Waliojificha msemo huo ungefaa kuchongwa juu ya lango.

Marthammor ni mungu anayemfuata kafiri huyo nje na kutembea naye. Hamrudishi nyumbani kwa nguvu wala hamlaumu. Makuhani wake wanawaonyesha Waliotoka njia, wanawatibu, wanawasaidia kupata pa kuishi kati ya watu wasio wa kabila lao. Ukilishika hilo vizuri, mengine yote utayapata.

Mimi sikulishika mapema. Kuhani wangu wa kwanza alikuwa mhubiri. Nilimwandikia sala za kurasa mbili, kanzu, vyeo, sikukuu, na kila tukifika kijijini alisimama kisimani akaomba kwa sauti. Wachezaji wenzangu walisikiliza kwa heshima mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu mmoja aliinuka taratibu akaenda jikoni kuchemsha chai, na nikaona alikuwa na haki. Waumini wa mungu huyu hawakai mahali pamoja wakahubiriwa. Kila mmoja unakutana naye mara moja, labda kwa robo saa, halafu njia zinawatenga. Kwa hiyo ukuhani wote lazima uenee ndani ya robo saa hiyo, na robo saa haitoshi kwa kanzu na sala ndefu. Inatosha kwa mguu, maji na maelekezo ya njia.

Kabla hujarusha dadu hata moja, amua kuhani wako mwenyewe aliondoka kwao kwa nini. Iandike kwa mistari minne, ikunje, usimwambie mtu. Wangu aliondoka kumtafuta dada yake mkubwa, na hajampata. Sikuwahi kulitamka hilo mezani, lakini ndilo linalomfanya asiulize maswali. Anajua swali la "mbona umeondoka?" linavyouma, hata likitoka kwa mtu mwema.

Halafu panga mzigo, na uupime kweli. Kwa kanuni za toleo la 2014, posho ya siku moja ni paundi 2, kiriba kilichojaa maji ni paundi 5, kamba ya katani ya futi 50 ni paundi 10. Wachezaji wengi hujaza silaha kwanza, chakula wakakumbuka mwishoni. Kwa kuhani huyu geuza. Rungu moja linamtosha. Wangu hubeba pia kitu ambacho kanuni hazimdai: jozi ya buti isiyo saizi yake. Mezani hawajawahi kuniuliza ni za nani. Wameziona tu zikining'inia kwenye mzigo, na tangu siku ya kwanza wote walielewa.

Sasa nguvu zake. Kitabu cha Sword Coast Adventurer's Guide cha mwaka 2015 kinampa njia mbili, Maumbile na Hila. Karibu kila mtu huchagua Maumbile, kwa sababu yanampa kuhani ruhusa ya kuvaa deraya nzito, na kwa kanuni za toleo la 2014 dwafu hata hivyo hapunguziwi mwendo na uzito wake. Mimi nachagua Hila, na nitaitetea popote. Kwa kanuni hizohizo, baraka ya kwanza ya kuhani wa Hila ni kumgusa mtu ili aweze kunyemelea vizuri zaidi kwa saa nzima, na sharti lake ni kwamba huwezi kujigusa mwenyewe. Lazima iwe ya mwingine. Nilipousoma mstari huo nilikiweka kitabu chini. Huyo ndiye Marthammor kabisa: kuhani amesimama wazi barabarani na rungu lake, aliyekimbia anapita kandokando ya ukuta bila kuonekana. Akifika daraja la tatu anapata dua ya kuficha nyayo, inayowafunika wote walio futi 30 karibu naye. Ukiwa na familia nzima inayokimbia usiku, deraya ya nini?

Angalizo moja. Daraja la tano linaleta dua ya chakula na maji, vinavyowatosha watu 15 kwa siku nzima. Ukiiomba kila jioni umeiua safari, maana njaa imekwisha na hakuna tena haja ya kugonga mlango wa mtu. Kuhani wangu huiomba kwa ajili ya wageni tu. Sisi tunatafuna posho zetu kavu.

Na wewe mwendesha mchezo, tafadhali, usiiruke barabara. Niliwahi kuchezeshwa na mtu aliyezimaliza siku kumi za mwendo kwa kusema, "Basi, mmefika jiji la Waterdeep." Ukifanya hivyo umemfungia kuhani hekalu lake. Mwendo wa kawaida ni maili 24 kwa siku, kwa saa 8. Wakilazimisha ya tisa, warushe dadu ya ustahimilivu, na kila saa inayoongezeka iwe ngumu kuliko iliyotangulia. Uchovu una ngazi sita, na ya sita ni kifo. Hizo ni kanuni za kawaida ambazo meza nyingi huziona za kuchosha. Kwa mhusika huyu ndimo maisha yake yalimo.

Sisi mezani tumeongeza daftari. Kila tunapomaliza kucheza naandika njia moja: maji yako wapi, nani hufungua mlango ukipiga hodi usiku, nani huachia mbwa. Na tumekubaliana alama za mawe, tulizozitunga wenyewe. Mawe mawili yaliyopangana, maji yako karibu. Matatu, na la juu limelazwa, kuna kitu kimefukiwa chini kwa ajili yako.

Wakati mmoja tulimkuta msichana dwafu kando ya Barabara Kuu kaskazini ya Waterdeep. Mwendesha mchezo alimfanya mkali, hataki kutaja ukoo wake, mkono uko kwenye kisu. Nikasema yale maneno mawili. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanyoosha mguu. Buti lake lilikuwa limepasuka hadi wayo. Nikampa zile za ziada, zikamwenea baada ya kuwekewa kitambaa mbele. Nikamwonyesha alama za mawe, akaondoka bila kuaga.

Miezi minne ya Jumamosi baadaye tulikuwa tukishuka njia ileile, mvua inanyesha, posho imetuishia. Mwendesha mchezo akasema: pembeni ya mti uliopigwa na radi mnaona mawe matatu, la juu limelazwa. Nikachimba. Chini yake kulikuwa na mkate mgumu umefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa nilikijua.

Mezani watu walinyamaza. Tuliugawa mkate mafungu manne, nikachukua chumvi ya siku moja niliyokuwa nimebakiza, nikaifukia palepale, nikayarudisha mawe kama nilivyoyakuta.