Kazi ya Kinyozi: Baina ya Kichwa Kimoja na Kingine

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tokea Kariokor mpaka Kayole, hakuna duka lijulikanalo upesi kama la kinyozi. Ukutani pamechorwa vichwa vya watu kwa rangi, mlangoni pana pazia, na ndani kuna kioo, kiti na benchi la wangojao. Wengi hudhani kuwa kazi hii ni rahisi: mtu apate mashine, kioo na chumba, basi amekwisha kuwa kinyozi. Wiki hii twataka kuitazama kazi hiyo kwa makini zaidi, hasa sehemu yake ambayo mteja haiangalii sana, yaani zile dakika zipitazo baina ya kichwa kilichokwisha kunyolewa na kichwa kinachofuata.

Kazi yenyewe si ngeni hapa. Jina la Kariokor latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, na mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani na Bahati ilikuwako kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Vyumba vingi vya siku zile vilikusudiwa wanaume waliokuja mjini peke yao kutafuta kazi, wakiwaacha jamaa zao mashambani. Mtu wa namna hiyo hakuwa na ndugu wa kumnyoa nyumbani, akahitaji fundi. Kinyozi naye akakaa chini ya mti au kando ya soko, ana kigoda, kioo kilichotundikwa kwenye shina, na mashine ya mkono iliyolia kama panzi. Siku hizi mashine ni ya umeme, na mti umegeuka chumba cha kupanga. Lakini shughuli imebaki ile ile ya chuma kimoja kupita juu ya ngozi za watu wengi kwa siku moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Meno ya mashine huikwaruza ngozi kidogo kidogo, hata kama damu haionekani, na wembe hukata zaidi. Watu wengi wakisikia habari hii huwaza virusi vya UKIMWI, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1984. Ni haki kujihadhari navyo, ingawa virusi hivyo havidumu sana nje ya mwili. Adui mgumu zaidi kwa kinyozi ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vyaweza kukaa juu ya kitu kikavu muda wa siku 7 au zaidi, na bado vikawa na nguvu ya kumwambukiza mtu. Wembe ulioachwa Jumamosi jioni bila kusafishwa waweza kuleta msiba Jumatano. Tena mwenye ugonjwa huo mara nyingi hana dalili yoyote. Aketi kitini akicheka na kuzungumza kama wenzake. Kwa hiyo haifai kinyozi kuwachagua wateja kwa macho, akasafisha vyombo baada ya mnyonge aliyekonda na kuacha baada ya kijana mwenye afya.

Ugonjwa wa pili hauui, lakini ndio unaoenea sana: mapunye, ambayo wengine huyaita choa. Husababishwa na kuvu, na kuvu hiyo hukaa katika nywele zilizokatika na katika meno ya mashine kwa muda wa miezi. Wanaopatwa zaidi ni watoto. Sasa fikiri, msomaji, juu ya siku za mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wazazi wanapowaleta watoto wote pamoja, na foleni yafika mpaka nje. Mtoto mmoja mwenye mapunye akinyolewa saa tatu za asubuhi, na mashine isisafishwe, jioni ugonjwa umekwisha kugawiwa mtaa mzima, nao utaingia darasani Jumatatu.

Tuseme mama mmoja wa Jericho amekuja na wanawe watatu. Kinyozi anamfunika shuka wa kwanza, na kabla ya kuwasha mashine anaona juu ya utosi mahali pa mviringo palipopukutika nywele, pana magamba meupe. Afanyeje? Kinyozi mpumbavu atanyamaza na kunyoa ili asipoteze fedha. Mwingine atapaza sauti hata wote walio kwenye benchi wamwangalie mtoto, naye mama aondoke kwa aibu asirudi tena. Afadhali ainame na kusema polepole, "Mama, mtoto huyu ana mapunye. Tafadhali mpeleke zahanati kwanza, na hawa ndugu zake watazamwe pia." Tena amwambie kwamba dawa ya kupaka peke yake haitoshi kwa mapunye ya kichwa, yahitajiwa dawa ya kumeza iliyoandikwa na mganga wa hospitali, nayo huliwa kwa majuma kadhaa mpaka iishe. Mama aliyeambiwa hivyo kwa adabu huenda akakosa kulipa siku ile, lakini huyo kinyozi atamwamini.

Sasa juu ya usafishaji wenyewe. Mashine ya umeme haiwezi kuchovywa majini, kwa hiyo izimwe, kisha nywele zote zitolewe kwa brashi, hata zile zilizofichika chini ya meno. Ndipo inyunyiziwe spiriti na kuachwa mpaka ikauke yenyewe. Spiriti iliyo na kiasi cha sehemu 70 katika 100 huua viini vizuri kuliko iliyo kali kabisa, kwa sababu ile kali hukauka kabla ya kufanya kazi yake. Kunyunyiza juu ya nywele na mafuta ni kuitupa bure. Wako pia wanaopitisha kiberiti cha gesi kwenye meno ya mashine mara moja, ule moto ukamwonyesha mteja kwamba kazi imefanyika. Moto wa nukta moja haupashi chuma joto la kutosha, tena moto karibu na spiriti umekwisha kuwachoma wengi mikono.

Vitana na vile vifuniko vya plastiki vya mashine vioshwe kwa maji na sabuni, kisha vilowekwe katika maji yenye klorini kwa dakika 10. Ile dawa ya kung'arishia nguo iuzwayo madukani yafaa kwa kazi hii. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku, kwa maana nguvu yake hupotea. Vyombo vya chuma visisahauliwe humo, visije vikaliwa na kutu. Vikitoka visuuzwe, vikaushwe na kutiwa mafuta.

Wembe hauna mjadala. Kila mteja apewe wembe mpya, na afunguliwe mbele ya macho yake. Wanyozi wengi huuvunja wembe mmoja vipande viwili, wakatumia nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Hilo halina kosa, maadamu kila nusu imemgusa mtu mmoja tu.

Lipo na lile sanduku dogo lenye taa ya buluu, ambalo sasa laonekana katika vibanda vingi, vyombo vikiwekwa ndani yake kama mikate katika tanuri. Wateja hulipenda sana. Sisi hatulikatazi, lakini mwanga huo huua viini pale tu unapofika. Haupiti chini ya unywele, wala haufiki upande wa pili wa meno. Chombo kichafu kikiwekwa humo hutoka kichafu. Vile vile mwasho wa dawa ipakwayo kidevuni baada ya kunyoa si alama ya usafi. Mwasho huo wamtesa mteja tu, wembe hauhisi kitu.

Kidonda kikitokea, kazi isimame. Pamba safi ishikizwe mpaka damu ikome. Wazee wa kazi hii walitumia jiwe la shabu kukausha damu, na shabu ni dawa nzuri. Ubaya ni kulipitisha jiwe lile lile juu ya jeraha la huyu na la yule. Isagwe iwe unga, uchukuliwe kwa pamba, na pamba itupwe. Taulo la moto, ambalo wengi hulifurahia kuliko kunyoa kwenyewe, nalo liwe la mtu mmoja mpaka lifuliwe. Na kwa wenye vipele vya ndevu au vya kisogoni, kinyozi asibane mashine sana, wala asinyoe kinyume cha nywele. Nywele zetu zilizojikunja, zikikatwa karibu mno, hurudi na kuichoma ngozi, na kisogo kikikatwa hivyo kila juma chaweza kuota makovu magumu yasiyoondoka.

Lakini kwa nini mambo haya hayafanywi, hali wanyozi wengi wayajua? Si uvivu. Sababu imo katika hesabu. Katika maduka mengi kijana anyoaye hana mshahara. Hugawana na mwenye duka malipo ya kila kichwa. Tuseme kila kichwa chachukua dakika 20, na kusafisha na kungoja spiriti ikauke dakika 3. Akinyoa watu 20 kwa siku, usafi umekula saa nzima, yaani vichwa 3 ambavyo angelipwa. Na spiriti mara nyingi ainunua kwa fedha zake mwenyewe. Hivyo kijana aliye mwaminifu hupata kidogo kuliko jirani yake asiyejali, na Jumamosi jioni, benchi likiwa limejaa na watu wakimwambia "Fundi, fanya haraka", ni vigumu kumlaumu peke yake.

Dawa ya jambo hili i mikononi mwa mwenye duka. Kwanza, spiriti, klorini, pamba na nyembe zitoke katika fedha za duka kabla ya kugawana, kama vile itokavyo kodi ya chumba na umeme wa kulipia mbele. Pili, anunue mashine ya pili kwa kila kiti. Moja ikikauka, nyingine yafanya kazi, na zile dakika 3 zageuka dakika 1 tu ya brashi. Ile saa nzima yapungua kuwa dakika 20, yaani kichwa kimoja. Twaona watu wakinunua televisheni kubwa kwanza ili vijana waje kutazama mpira, na mashine yabaki moja. Televisheni yaleta watu, ni kweli, lakini wengi wao huja kutazama tu. Tatu, gharama hizi ziandikwe katika daftari kila jioni pamoja na mapato, kwa sababu mwenye duka asiyejua atumia spiriti kiasi gani ndiye huanza kuipunguza mwezi ukiwa mgumu. Kibali cha biashara kutoka Serikali ya Kaunti ya Jiji, iliyoanza kazi mwaka 2013, kiwekewe akiba katika daftari hilo hilo.

Mteja naye ana sehemu yake. Anaposema "Safisha kwanza, ndugu yangu, mimi nangoja", amempa fundi dakika ambazo fundi aliogopa kuzichukua, na wale walio kwenye benchi wamesikia.

Limebaki jambo moja, nalo ni wembe uliokwisha kazi. Usitupwe pamoja na nywele katika mfuko wa takataka. Takataka nyingi za Nairobi zimekuwa zikipelekwa Dandora, na huko wako watu, hata watoto, wazichambuao kwa mikono mitupu wakitafuta cha kuuza. Chukua kopo la maziwa lenye kifuniko cha bati, toboa juu yake tundu jembamba la kupitisha wembe, ulidondoshe humo kila utumikao. Kopo likikaribia kujaa, ziba tundu kwa gundi, kisha uliza katika zahanati ya karibu kama watalipokea lichomwe pamoja na sindano zao.