Zotero: Hifadhi Ukurasa, Usijaze Nafasi

Msimamizi wa tasnifu anakuuliza: "Hii umeitoa wapi?" Unafungua kiungo, ukurasa haupo tena. Utajibu nini?

Zotero hukuokoa hapo. Unapohifadhi ukurasa wa wavuti, inaweza kuchukua pia nakala ya ukurasa wenyewe ulivyokuwa siku ile, nawe ukaisoma hata bila intaneti.

Tatizo ni nafasi. Akaunti ya bure ina megabaiti 300 za mafaili mtandaoni, na nakala za kurasa pamoja na PDF huzila haraka. Taarifa za rejeo, yaani mwandishi, mwaka na anwani, hazihesabiwi humo. Basi nafasi ikijaa usifute marejeo, punguza mafaili:

1. Futa nakala za kurasa usizozitumia. Chagua faili lililo chini ya rejeo, si rejeo lenyewe. Kisha safisha kapu la takataka, vinginevyo nafasi hairudi.

2. Ukitumia kompyuta moja tu, zima usawazishaji wa mafaili. Marejeo yataendelea kusawazishwa, mafaili yatabaki kwenye kompyuta yako.

3. Usawazishaji si akiba: ukifuta hapa, hufutika na kule. Kila wiki funga programu, unakili folda nzima ya Zotero kwenye flashi au diski ya nje.

Kunukuu ni amana, na mwenye amana huwa na ushahidi. Anza leo, inshaallah, kabla kompyuta haijaharibika.