Ukitapika Ndani ya Matatu, Mwambie Daktari Kabla ya Operesheni



Somo letu la safari hii limetokana na kutembelea wagonjwa. Mama mmoja tunayemfahamu alifanyiwa operesheni ya kutolewa kizazi. Siku ya kwanza alidungwa mofini, maumivu yakatulia, lakini alipoamka alitapika mpaka akadhani mshono umepasuka. Tangu hapo, kila sista akija na sindano yeye anakataa. "Afadhali maumivu kuliko kutapika," akatuambia. Basi akalala vivyo hivyo, hageuki, hakohoi, hatembei. Siku ya nne akashikwa na nimonia. Alikaa wodini wiki mbili zaidi, na bili tukaichangia sisi sote.

Baadaye tulimwuliza kama hutapika akisafiri. Akacheka. "Mimi? Hata nikikaa dirishani, kabla ya kufika mjini nimetapika." Hakuna aliyemwuliza hayo kabla ya operesheni, naye hakujua kwamba yanahusika.

Yanahusika sana. Mofini na dawa za jamaa yake, kama pethidini na tramadoli, huenda mpaka kwenye ubongo, mahali panapoamrisha mtu atapike. Tena huchokoza sehemu ya ndani ya sikio inayotunza usawa wa mwili, ile ile inayosumbuka ndani ya matatu, na hulifanya tumbo lichelewe kusukuma chakula. Ndiyo sababu mgonjwa aliyelala anaweza kuwa sawa kabisa, halafu mkimwinua kwa haraka anatapika.

Mwaka 1999 madaktari wa Ujerumani na Finland walitoa njia rahisi ya kukisia nani atatapika. Waliangalia mambo manne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika safarini au baada ya operesheni nyingine, na kupewa dawa za aina ya mofini baada ya kupasuliwa. Asiye na hata moja, hatari yake ni kama mtu 1 kati ya 10. Mwenye yote manne ni karibu 8 kati ya 10. (Wavutaji wasifurahi, sigara itawaletea shida kubwa zaidi ya kifua wakati wa kulazwa usingizi.) Hebu hesabuni akina mama wa kikundi chenu. Karibu wote wana matatu tayari, na hiyo ni kama 6 kati ya 10.

Kwa hiyo msingoje kutapika kuanze. Daktari wa usingizi akipita, mwambieni wazi: "Mimi hutapika safarini," au "Operesheni ile nyingine nilitapika sana." Akijua, anaweza kutoa dawa za kuzuia mapema, kama deksamethasoni au ondansetroni, na kwa mwenye hatari kubwa huchanganya mbili za aina tofauti. Pia anaweza kuongeza parasetamoli au dawa kama diklofenaki, ili mofini itakayohitajika iwe kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo aseme pia, kwa maana diklofenaki haimfai.

Hospitali nyingine kubwa zina mashine ndogo yenye kitufe. Mgonjwa mwenyewe anabonyeza akisikia maumivu, na mashine inaingiza kipimo kidogo kwenye mshipa, mara nyingi miligramu 1 ya mofini. Halafu inajifunga kwa dakika 5 hadi 10; hata ukibonyeza, haitoi. Ni chombo kizuri, lakini kichefuchefu kikija, wengi huacha kubonyeza kimyakimya na kuvumilia, sawa na yule mama. Mwiteni sista. Dawa ya kuzuia kutapika inaweza kuongezwa, kipimo kupunguzwa, au dawa yenyewe kubadilishwa.

Na hapa tuwe wakali kidogo: kitufe hicho ni cha mgonjwa peke yake. Tunajua mnamhurumia akilala, lakini aliyelala hahitaji dawa. Mkimbonyezea, inaweza kuzidi mpaka pumzi zipungue. Mkiona anapumua polepole sana au haamki vizuri, itaneni msaada mara moja.

Kazi yenu jamaa ni nyingine. Mgonjwa akiruhusiwa kunywa, mpeni maji kwa kijiko, kidogo kidogo, si kikombe kizima cha uji. Mwinueni taratibu, akae kwanza kando ya kitanda. Akitapika, mlazeni kwa upande. Na kabla ya operesheni msimpenyezee chai ya maziwa eti asife njaa. Maziwa ni chakula, na chakula kikipanda wakati amelazwa usingizi kinaweza kuingia mapafuni.

Si kila kutapika kunatokana na dawa. Matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo lililovimba na kukaza, au kutopitisha hewa, hayo daktari aambiwe upesi.

Ya kuzungumza kwenye mkutano wenu: Ni nani kati yetu aliwahi kukataa sindano ya maumivu, na kwa sababu gani? Mwenzetu akienda kupasuliwa, ni nani atakayefuatana naye, na anajua aseme nini kwa daktari wa usingizi?