Nyasi Zinanyang'anya Saipresi Maji

SWALI: Bwana shamba, nilipanda saipresi kando ya barabara ili boma lisionekane. Sasa nyasi zimeifunika na baadhi ya miche inageuka manjano. Nilime au nifyeke?
Mama wa boma, Ndanai

JIBU: Mama, usifanye yoyote kati ya hayo. Mizizi ya saipresi changa imelala karibu na uso wa udongo, kwa hiyo jembe la kina huikata. Fyekeo nalo huchubua gome, na mche uliochubuliwa kuzunguka shina lote hufa.

Adui mkubwa hapo ni nyasi za kikuyu. Mizizi yake hunywa maji na mbolea kabla ya mche kuvipata. Ng'oa kwa mkono mvua ikiwa imelainisha udongo, nusu mita kila upande wa mstari, ukitoa na vipande vinavyotambaa, maana huchipua tena. Dawa ya magugu iache kabisa: upepo kidogo tu huipeleka kwenye majani ya mche.

Kisha tandaza mabua ya mahindi au nyasi kavu zisizo na mbegu, kina cha sentimita 8 hivi. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisije likaoza. Fanya hivyo Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua ndefu, na uongeze kabla ya kiangazi cha Januari.

Ng'ombe nao wazuiwe kwa miaka miwili ya kwanza, kwani kwato hushindilia udongo.