Msaada wa Maji Hupimwa kwa Mtungi

Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ndilo tegemeo kuu la maji Nairobi. Hata hivyo, wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hawana bomba nyumbani. Hununua mtungi wa lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50, hugharimu shilingi 250.

Bomba lililotoboka mtaroni hufyonza maji machafu presha inaposhuka. Ndiyo sababu shirika la SHOFCO lilipitisha mabomba juu ya nguzo Kibera.

Mradi mpya unapoletwa mtaani, wakazi waulize: nani atalipia ukarabati, na mtungi utauzwa bei gani?